Keneli ya Linux imepanda waifai ikakata: jenga moduli yako upya

Juzi usiku hapa Langoni, Lamu, niliapudeti mashine yangu ya Linux nikalala, asubuhi kuiwasha waifai hamna. Bando lipo, ruta inawaka taa zote, kumbe ni kile kidude changu cha USB cha chipu ya Realtek 8812AU, draiva yake nilikompaili mwenyewe zamani halafu nikasahau kabisa. Nilishaanza kuwaza kuagiza kingine kivuke na boti toka Mokowe. Wala hakikuwa kimeungua.

Iko hivi, moduli ya nje, yaani draiva isiyokuja na keneli (kiini cha Linux), hujengwa kwa toleo moja tu la keneli na inakaa kwenye folda yenye jina la hiyo keneli ndani ya /lib/modules. Keneli ikipanda inakuja na folda yake mpya na moduli yako imebaki kule kwenye folda ya zamani. Na usijifanye mjanja ukaikopi ile faili ya moduli yenye .ko, mara nyingi utajibiwa "Invalid module format" tu.

Sasa unahitaji intaneti ili urudishe intaneti, hapo ndo watu hukwama. Chomeka simu kwa waya, washa kushea data kwa USB, Linux huitambua yenyewe. Huna waya? Rebuti, kwenye GRUB, ile menyu ya kuwashia mashine, ingia Advanced options uchague keneli ya jana, waifai itarudi kama haijatokea kitu. Ndo mana mi sipigi autoremove, amri inayofuta keneli za zamani, mpaka keneli mpya niione inafanya kazi.

Kwa Ubuntu au Debian, ukiwa ndani ya keneli mpya:

sudo apt install build-essential linux-headers-$(uname -r)

Angalia hapa, kama umebuti keneli ya zamani basi uname -r itakupa namba ya zamani, utaweka heda (faili za keneli za kujengea moduli) ambazo hukuzitaka na utazunguka saa nzima kama mimi. Shusha heda za mpya kwa kuandika namba yake mwenyewe, ifanane mpaka tarakimu ya mwisho, halafu rudi kwenye keneli mpya ndo ujenge.

Ingia folda ya draiva:

make clean
make
sudo make install
sudo depmod -a
sudo modprobe 8812au

Hiyo make clean usiiruke, mabaki ya zamani yanaleta vioja. Make ikilalamika kuhusu fanksheni isiyojulikana, kosa si lako, ndani ya keneli mambo hubadilika kila toleo, fanya git pull upate kodi mpya ya draiva. Modprobe, amri ya kupakia moduli, ikikataa kwa sababu ya "key" basi ni Secure Boot, ulinzi unaokataa moduli isiyosainiwa, ama uizime kule BIOS ama usaini moduli.

Lakini kwa nini urudie haya kila mwezi? Weka dkms, programu inayokujengea moduli upya yenyewe keneli ikipanda. Kama folda ya draiva ina faili ya dkms.conf:

sudo apt install dkms linux-headers-generic
sudo dkms add .
sudo dkms autoinstall

Debian ya 64-bit badala ya generic andika linux-headers-amd64. Kifurushi hicho ndicho kinavuta heda kila keneli ikipanda, bila heda dkms haina la kufanya. Siku hizi nikimaliza kuapudeti napiga dkms status kwanza, nikiona jina la keneli mpya na "installed" mbele yake ndo narebuti, na waifai bado ninayo.