Somo: Karatasi yenye makali ikae mbele ya ubao, ndani, au irudi kwa mwenyewe?

Assalaam alaykum na habari zenu wote. Swali ni lile lile kila wiki. Naulizwa barazani, dukani, juzi mpaka matangani: "Mbona karatasi yangu umeitoa mbele?" Kueleza mmoja mmoja nimechoka. Naandika hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamleta hapa.

Kwa wasioujua, ubao wetu wa matangazo na mashairi uko Ngamiani, Tanga, ubavuni mwa baraza la kahawa. Barabara ya ngapi sisemi, wanaojua wanajua. Una pande mbili. Wa mbele unatazama barabara, mtu wa baiskeli anausoma bila kushuka. Wa ndani uko ukumbini wanapochezea bao, na anayeusoma ameingia kwa miguu yake mwenyewe. Anayepita nje hakuomba kusoma chochote: yumo mtoto anayekwenda chuoni na juzuu yake, yumo bibi anatoka sokoni, yumo mfiwa. Kwa hiyo mimi siulizi kama karatasi ni kali. Ukali si kosa, mji usio na maneno makali umelala. Nauliza nani atalazimika kuiona, na kama kuna mtu anaumizwa naye hana pa kujibia.

Hatua ya 1. Pokea, usibandike papo hapo. Hata ikiwa ya shemeji yako.

Hatua ya 2. Isome mpaka mwisho.

Hatua ya 3. Kunja pembe yenye jina la mwandishi kabla hujaamua. Ukishajua ni ya nani, umeshaamua.

Hatua ya 4. Kiangalie kichwa peke yake. Mara nyingi maneno ya chini hayana neno, ukali wote umepakwa juu. Tuliletewa moja imeandikwa kwa makapeni nyekundu KIAMA CHA MAKORORA. Kumbe ni mtaro umeziba na mbu wamezidi. Mwambie abadilishe kichwa, iende mbele leo leo.

Hatua ya 5. Tazama analengwa nani. Mwenye cheo akisemwa kwa kazi ya cheo chake, hiyo ni ya mbele, hata kama imechorwa kwa kejeli. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake, na mwenye ofisi ana mhuri, ana mikutano, ana mahali pa kujibia. Tuliwahi kuweka katuni ya kiongozi amelala fofofo juu ya gunia la taka. Alikuja mwenyewe, akaitazama, akasema pua ile si yake, akaagiza kahawa. Lakini mwisho ni kazi yake. Mwili wake, mkewe na dini yake havimo.

Hatua ya 6. Fumbo. Hapa ndipo ubao wetu ulipoungua, kwa hiyo nitarefusha kidogo. Shairi lilikuja zuri, mizani nane kwa nane, vina vimetulia, linaanza: "Kuku wetu ametoka, banda kaliacha wazi." Tusi halimo, jina halimo, wasomaji wa kamati wakalipitisha kabla kahawa haijapoa. Likapanda mbele siku ya Ijumaa. Kufika alasiri barabara nzima inamjua kuku ni nani: dada mmoja aliyeachika karibuni akarudi kwao, nyumba chache kutoka ubaoni. Alikuwa akipita hapo kila asubuhi na beseni la vitumbua. Akaanza kuzungukia barabara ya nyuma, na wateja wake wako huku. Jumapili akaja kaka yake. Hakugombana na mtu. Alichomoa pini moja moja, akazipanga juu ya kibaraza, akaikunja karatasi mara mbili na kuondoka nayo. Mtunzi hadi leo anasema hakumtaja mtu.

Tangu hapo tunafanya hivi. Chukua mtu wa barabara hiyo hiyo ambaye hayumo kwenye kamati, mpe asome, umuulize jambo moja tu: umemfikiria nani? Akitaja jina bila kusita, tafuta wa pili asiyemsikia wa kwanza. Wakigongana kwenye jina moja, karatasi hiyo ina jina, na sasa irudishe hatua ya 5 uulize kama mwenye jina ana cheo au ni mtu na maisha yake.

Onyo: usimuulize mtunzi. Atakula kiapo.

Onyo: usimpe mtu wa mbali. Wa Raskazone hawezi kumjua kuku wa Ngamiani, atakuambia ni shairi la mifugo.

Onyo: fumbo la namna hii halitibiki kwa kulihamishia ndani. Wanaosoma ndani ndio watakaolitoa nje, na litatoka limeongezwa chumvi. Linarudi kwa mwenyewe.

Hatua ya 7. Picha za maiti, za damu ya ajali, za kibaka aliyepigwa, za mtoto aliyefanyiwa ubaya: si mbele, si ndani. Hapa hatupigi kura. Na picha ya mtu yeyote ambaye hajaulizwa iulizie kwanza, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tuna haya.

Hatua ya 8. Waamue watatu, awemo mwanamke, na awemo mmoja anayewazidi au kuzidiwa umri na wenzake kwa mbali. Wanaume watatu wa rika moja wanaocheza bao pamoja ni mtu mmoja. Mkibishana, ilale usiku mmoja.

Hatua ya 9. Ikienda ndani, acha kijikaratasi mbele: "Shairi juu ya kodi za nyumba liko ndani." Basi. Ukinukuu mstari ule mkali kuliko yote ili watu waingie, umeshaiweka mbele, na hicho kijikaratasi chako ndicho kibaya zaidi maana hakina hata shairi la kukitetea.

Hatua ya 10. Andika nyuma yake kwa penseli: tarehe, imeamuliwa nini, kwa sababu ipi. Mwenyewe akija, mwonyeshe mwandiko. Inapunguza kelele nusu nzima.

MASWALI

Mzalendo wa Duga: Kwa hiyo mashairi yamepigwa marufuku?

Jibu: Hatua ya 6. Soma, kisha urudi.

Malenga Asiyelala: Ndugu mwandishi, sisi watunzi fumbo ndiyo kazi yetu tangu na tangu. Mwenye upele ndiye ajikunaye. Kama hakutajwa, anashtuka nini?

Jibu: Ukiandika fumbo ili mtu mmoja alitambue, ukalibandika anapopita yeye na wanawe, halafu ukasema hukumtaja, hapo unatumia ufundi kama pazia. Fumbo la kumsema mwenye nguvu nalipenda, na lina haki ya kuwa mbele, maana huyo ukimtaja wazi atakuadhibu. Fumbo la kumsema mwenye vitumbua linaogopa nini?

Malenga Asiyelala: Unatufundisha kutunga sasa.

Jibu: Nafundisha kubandika. Kutunga endelea.

Mwalimu wa Pongwe: Shikamoo kwa mliotangulia. Mimi ninafundisha msingi. Tuna bango la kuwaelimisha wasichana kuhusu hedhi, lina mchoro wa mwili. Wazee wawili wamelilalamikia, wanasema ni uchafu kuweka barabarani. Kwa hatua zako nalikuta halina anayelengwa wala anayeumizwa, lakini watu wanaona aibu. Aibu inahesabiwa?

Jibu: Marahaba mwalimu, na ahsante kwa kuuliza hivi. Aibu inahesabiwa, lakini iko nyuma ya madhara. Jiulize nani ataumia bango lisipokuwepo: msichana anayebaki nyumbani siku zile kwa kuwa hakuna aliyemwambia kitu. Nani ataumia likiwepo? Mzee ataona haya, atageuza shingo, basi. Kumbuka Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi baadaye kutaja njia zake hadharani ilikuwa kuvunja adabu, huku watu wanazikwa. Kwa hiyo lako liende mbele. Ila nenda kwa wale wazee wawili nyumbani kwao, na mama mtu mzima anayeheshimiwa, kabla ya kulibandika. Waonyeshe, waulize ni mstari gani hasa unaowakera. Mara nyingi ni neno moja, na lina badala yake. Mchoro wenye maelezo ya ndani zaidi uweke upande wa ukumbini, siku ambayo kina mama wanakutana.

Mwalimu wa Pongwe: Kumbe. Na urefu wa kubandika una maana?

Jibu: Sana. Sisi vya watu wazima tunavipandisha usawa wa macho ya aliyesimama, vya watoto tunavishusha usawa wa juzuu. Si kwamba mtoto hawezi kuinua kichwa, ila anachokutana nacho kwanza kinakuwa chake.

Tabibu Asilia: Tangazo langu la nguvu za kiume mmelikataa. Ni chuki dhidi ya tiba zetu.

Jibu: Kibali cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kiko wapi? Ukija nacho tutazungumzia maneno. Ule mchoro wa ndizi hata na kibali hauingii.

Kijana wa Mikanjuni: Tangazo la mhadhara wa dini je? Letu lina siku na saa, na chini tumeweka maneno machache kuhusu wale wengine.

Jibu: Siku, saa, mahali na mada: mbele, karibu sana. "Maneno machache kuhusu wale wengine": kata. Kila mmoja atangaze kilicho chake. Tanga hii nyumba moja ina shangazi anayekwenda msikitini na binamu anayekwenda kanisani, na Idi wanakula sahani moja. Wakitaka kuhojiana, waalikane ndani, kila upande ukiwa na msemaji wake. Karatasi ukutani haihojiki.

Kijana wa Mikanjuni: Hata kama maneno yenyewe ni kweli?

Jibu: Swali zuri hilo. Kweli yako iseme mhadharani, ambako aliyekuja amekuja kuisikia na anaweza kunyoosha mkono. Mbele ya ubao anayesoma hana mkono wa kunyoosha.

Mtoto wa Mjini: Nani kakupa mamlaka wewe?

Jibu: Mkutano wa wanabaraza. Ufunguo ninao, kura ninayo moja. Kuna kiti wazi kwenye watatu, kikao Alhamisi baada ya isha. Njoo.

Mtoto wa Mjini: Alhamisi nina mpira.

Jibu: Haya.

Bi Mkubwa wa Chumbageni: Mwanangu, umeeleza vizuri. Ila hukusema aliyesemwa akitaka kujibu mnafanyaje. Zamani watunzi walikuwa wakijibizana miezi, na watu wakingoja kwa hamu.

Jibu: Shikamoo bibi, umenikumbusha, hilo lilistahili hatua yake. Jibu linakaa pale pale lilipokaa la kwanza, ukubwa ule ule, na siku zile zile. Lile likikaa mbele wiki, hili nalo mbele wiki. Halipelekwi pembeni chini ya tangazo la chumba cha kupanga. Na likiwa shairi tunaomba lifuate bahari ile ile, yaani aina ile ile ya utunzi, na vina vile vile, kwa kuwa mtu akihangaika na vina hasira hupungua. Magazeti ya Kiswahili yaliishi kwa hilo, Mambo Leo tangu 1923 likiwapa watunzi nafasi. Na Tanga hii, kabla ya hapo, zama za Wajerumani, gazeti la Kiongozi lilichapwa kwenye shule ya serikali hapa hapa mjini. Mji wenye historia hiyo usiogope malumbano.

Bi Mkubwa wa Chumbageni: Marahaba. Na nyimbo za Black Star na Lucky Star, vikundi vyetu vya taarabu hapa Tanga, usizisahau, mafumbo yake yalikuwa na adabu. Siku hizi mipasho mitupu.

Fundi Baiskeli: Nje ya mada kidogo. Pini zetu zinaota kutu mwezi haujaisha, karatasi zinapata madoa mekundu. Nyie mnatumia nini?

Jibu: Hewa ya bahari hiyo, hakuna pini ya bei rahisi inayoishinda. Sisi tumeweka kamba mbili za nailoni na vibanio vya nguo vya plastiki, na wavu wa waya mbele. Karatasi inayokaa muda mrefu tunaifanyia laminesheni steshenari.

Fundi Baiskeli: Na wino? Masika yaliyopita tangazo letu lilitiririka lote.

Jibu: Hiyo ni printa ya wino wa maji. Chapa moja, kisha itoe fotokopi, ubandike ile kopi. Wino wa mashine ya fotokopi ni unga unaoyeyushwa kwa joto na kushikana na karatasi, mvua haiutoi. Jua likipiga moja kwa moja, makapeni nyekundu ndiyo inayopauka mapema, andika kwa nyeusi.

Mzalendo wa Duga: Nimerudi. Nimesoma hatua ya 6. Nina shairi la baba mwenye nyumba anayepandisha kodi bila kutoa risiti. Sikumtaja jina.

Jibu: Umeshampa jirani asome?

Mzalendo wa Duga: Wawili. Kila mmoja kataja baba mwenye nyumba wake.

Jibu: Lilete, linakwenda mbele. Kunja pembe yenye jina lako.