Chavua ibaki mlangoni

Kwa familia inayopenda kukimbia, kucheza kandanda na kuendesha baiskeli huku Nakuru wakati nyasi zinapochanua baada ya mvua ya masika, jambo lililotusaidia zaidi dhidi ya mafua ya mzio ni hili: anayetoka uwanjani avue nguo karibu na mlango, azitie kwenye beseni, kisha aoge na kuosha nywele kabla hajagusa kitanda wala kochi. Chavua, yaani ule unga laini wa maua ya nyasi unaoleta mafua hayo, hunata kwenye nywele, kope na soksi, na isipoondolewa huhamia kwenye mto ikavutwa puani usiku kucha, ndiyo maana mtoto aliyelala mzima huamka akipiga chafya mfululizo huku macho yakimwasha. Kunawa uso pekee hakutoshi, hasa kwa msichana aliyesuka, ambaye ni afadhali afunge kitambaa anapocheza. Shuka nazo zisianikwe karibu na nyasi zilizochanua. Mbinu hii haifui dafu ikiwa chanzo ni vumbi la godoro au paka wa nyumbani, kwa kuwa hivyo viko ndani mwaka mzima. Na mtoto anayekohoa usiku au ambaye kifua chake hulia kama filimbi apelekwe kituo cha afya, kwani huenda ni pumu.