Ukibadilisha sera ya BGP, usiikate sesheni

Wakuu mnaoshika ruta huku Nyanda za Juu Kusini, ukishabadilisha sera (sheria za kuchuja ruti) ya BGP, itifaki ambayo ruta hutumia kupashana ruti, yaani njia za kufikia mitandao mingine, usikimbilie kuandika clear ip bgp *. Ile nyota inakata sesheni, yaani maunganisho ya BGP, na majirani wote (ruta unazopashana nazo ruti) kwa mpigo. Mimi niliiandika saa nne asubuhi, ofisi zote Mbeya ziko wazi. Nikabaki natazama ruti zikipakiwa upya huku simu zinaita kutoka Mwanjelwa mpaka Uyole. Chai ilipoa mezani.

Mtaje jirani mmoja tu, uongeze neno soft. Kwenye Cisco ni clear ip bgp 10.0.0.1 soft in kwa ruti zinazoingia, soft out kwa zinazotoka. Sesheni inabaki hai; kwa soft in, ruta inamwomba jirani atume ruti zake tena, inazichuja kwa sera mpya. Ombi hilo limo kwenye RFC 2918, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2000, hivyo ruta nyingi za leo zinalijua. Hakikisha kwa show ip bgp neighbors, tafuta mstari wa Route refresh. Kama haupo, kuna mpangilio wa soft-reconfiguration inbound usiohitaji ombi hilo, ila inatunza nakala ya kila ruti iliyopokelewa. Ruta ndogo yenye jedwali zima la intaneti itaishiwa memori. Mimi siipendi.

Na kabla hujagusa kitu, andika reload in 10 (ruta ijiwashe upya baada ya dakika 10), wala usisevu konfigi, yaani mipangilio ya ruta. Ukijifungia nje uko Mbeya na ruta iko Makambako, itajiwasha yenyewe na konfigi ya zamani. Mambo yakikaa sawa, reload cancel haraka, ndipo usevu.