Mgeni Akiharibu Sakafu ya Mbao Bustanini: Ushauri kwa Mpangaji wa Tanga

Baadhi ya nyumba za kupanga za Raskazone, Tanga, zina sakafu ya mbao bustanini, iliyoinuliwa kidogo juu ya ardhi, ambapo watu hukaa jioni kupunga upepo wa bahari. Mgeni akipindua hapo jiko la mkaa, hakikisha kwanza kwamba hakuna aliyeungua, kisha mwaga maji ya kutosha na uchungulie chini ya mbao, kwa kuwa kaa lililopenya hapo huweza kufukuta katika majani makavu muda mrefu bila kuonekana. Usimtahayarishe mgeni mbele ya wenzake. Mazungumzo ya fedha yangoje kesho.

Kabla ya kusafisha, piga picha za karibu na za mbali, na usisahau upande wa chini. Hewa ya chumvi hula misumari, na mvua za masika, Machi hadi Mei, huozesha mbao zisizotunzwa, hivyo ubao uliovunjika mgeni alipoukanyaga huenda ulikuwa umekwisha oza. Tofauti hiyo ina uzito, kwani Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 humtaka mpangaji aitunze nyumba katika hali aliyoikuta, lakini haimtwishi uchakavu wa kawaida. Mbao zilizounguzwa na kaa ni juu yako. Misumari iliyoliwa na kutu si juu yako.

Mjulishe mwenye nyumba mapema, kwa sababu mkataba ni wako na yeye, na mgeni hayumo. Nimeona mpangaji akifunika alama ya moto kwa jamvi. Unyevu ukajikusanya chini yake, na hasara ya mbao mbili ikawa ya mbao sita. Ujumbe kama huu unatosha:

“Shikamoo Mzee. Jana jioni mgeni wangu aliangusha jiko la mkaa kwenye sakafu ya bustanini na mbao mbili zimeungua. Hakuna aliyeumia. Naomba tukutane hapo Jumamosi pamoja na fundi seremala, tukubaliane kabla ya kugusa chochote.”

Alama ya juujuu huondoka kwa msasa na mafuta ya mbao, ila ubao ulioliwa na moto hadi kupungua unene ubadilishwe. Tafuta mbao za aina na unene ule ule, zilizokauka vizuri, maana mbichi hupinda. Kama sakafu ni ya mtiki, miti hiyo hupandwa Longuza, wilayani Muheza. Fundi aache nafasi ya milimita 5 hivi kati ya mbao ili maji yapite. Ubao mpya utatofautiana rangi na wa zamani, na kwa maoni yangu hiyo si sababu ya haki ya kukudai sakafu nzima.

Mgeni mwonyeshe risiti, umwombe achangie gharama halisi. Akishindwa, bado wewe ndiye unayewajibika kwa mwenye nyumba. Usijikatie kodi kwa hasira. Mkishindwa kuelewana, anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Kata kwa usuluhishi. Kazi ikiisha, andikeni karatasi fupi yenye saini za wote wawili, inayotaja mbao zilizobadilishwa, kiasi kilicholipwa, na kwamba amana yako haitakatwa kwa ajili ya jambo hilo.