Kuchagua Kivinjari Salama kwa Kompyuta ya Zamani

Kabla ya kupakua kivinjari, tazama kwanza kompyuta inatumia mfumo endeshi (kama Windows) upi, kwa kuwa huo ndio unaoamua toleo litakalokubali kusakinishwa. Chrome iliacha kuihudumia Windows 7 mwaka 2023, na toleo lake la mwisho kwenye mfumo huo, la 109, ingawa bado hufunguka vizuri, halizibwi tena mianya inayogunduliwa. Tafadhali usilitumie kwa shughuli za benki. Firefox iliendelea kuihudumia Windows 7 kwa toleo la 115 ESR (toleo linalohudumiwa kwa muda mrefu zaidi), hivyo hakikisha kwenye tovuti ya Mozilla, watengenezaji wake, kwamba muda wa toleo hilo kuhudumiwa haujakwisha. Ukiwa umekwisha, njia ninayoiamini zaidi ni kunakili mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha kusakinisha Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, ambao huja na Firefox inayopokea masasisho. Vivinjari vinavyosifiwa kwa wepesi tu viepuke, usipoona tarehe ya sasisho la karibuni.