Namna ya kupima presha nyumbani na kupata namba za kuaminika

Presha ya kupanda kwa kawaida haina dalili, na mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi huku ikiidhuru mishipa ya moyo, ubongo na figo bila yeye kujua. Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia shangazi yangu, ambaye mashine yake ilimwonyesha namba za kutisha siku nne mfululizo na kumkosesha usingizi.

Hatua ya 1: Mashine. Chukua ya kufunga juu ya kiwiko. Zile za kifundo cha mkono sizipendekezi, kwa kuwa mkono ukishuka au ukipanda kidogo tu, namba nazo hubadilika.

Hatua ya 2: Maandalizi. Nusu saa kabla ya kupima, usinywe kahawa, usivute sigara wala usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo, kisha keti kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga sakafu, bila kukunja nne.

Hatua ya 3: Mkanda. Hapa ndipo tulipopoteza siku zile nne. Shangazi ana mkono mnene, na mkanda uliokuja na mashine ulimtosha kwa shida. Mkanda mdogo hupandisha namba, na mkubwa kupita kiasi huzishusha. Basi pima kwanza mzingo wa mkono wako kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko, ulinganishe na sentimita zilizochapwa kwenye mkanda. Ufunge juu ya ngozi tupu, kwa maana sweta lililokunjwa hubana mkono, na ukingo wa chini wa mkanda ukae vidole viwili juu ya kunjo la kiwiko. Mkono uulaze mezani, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Ukiuachia uning'inie, namba zitapanda bure. Usizungumze, hata kama aliye karibu anakuuliza jambo dogo. Siku ya kwanza pima mikono yote miwili, na baadaye utumie ule wenye namba kubwa.

Hatua ya 4: Ratiba. Pima mara mbili asubuhi kabla ya dawa na mara mbili jioni, ukiacha dakika 1 katikati, kwa siku 7. Andika kila namba, hata usiyoipenda. Za siku ya kwanza ziache, nyingine utafute wastani wake. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 (namba ya juu kwa ya chini) au zaidi huhesabiwa kuwa presha ya juu. Kwa daktari kiwango hicho ni 140 kwa 90. Ukiona 180 kwa 120 au zaidi, pamoja na maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, udhaifu wa upande mmoja au kushindwa kuongea, nenda hospitali wakati huohuo.

Hatua ya 5: Daktari. Mpelekee daftari pamoja na mashine yenyewe. Punguza chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyomo ndani ya vyakula vya viwandani. Dawa usiziache kwa sababu namba zimeshuka, kwani mara nyingi dawa hizo ndizo zilizozishusha. Shangazi, alipopata mkanda wa saizi yake, wastani wake ulikuwa 142 kwa 88, na daktari akamwanzishia kidonge kimoja.