Kuvua Ghuba ya Chwaka Kipupwe Kikiingia

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, ngalawa nyingi hapa Marumbi, pwani ya mashariki ya Unguja, hulala mchangani, na vijana hukaa chini ya mikungu wakingoja kusi, upepo wa kusini, ipoe. Ukiwauliza watakwambia bahari imechafuka. Kwa mtu aliyezoea kuvua nje ya mwamba, ana haki ya kukaa. Lakini sisi wa ghuba hii tumejaliwa kinga. Kusi hupiga rasi ya Michamvi kwanza, miti ya kule ikaipunguza nguvu, ndipo itufikie. Nimeivua Ghuba ya Chwaka kwa mshipi miaka 31, na ada za shule za wanangu wanne zimetoka kwenye changu wa kipupwe kuliko samaki wa kaskazi, kwa sababu samaki wakiadimika dikoni, tunaposhushia samaki, bei hupanda.

Mpwa wangu amerudi kutoka mjini mwaka huu na anataka kujifunza. Haya ndiyo ninayomwambia, nami nayaandika ili wewe mwenye ghuba kama hii, uwe Pemba au Mrima, uyapime kwa bahari yako.

Jambo la kwanza ni saa za upepo. Kusi haivumi sawasawa mchana na usiku. Usiku nchi kavu ikipoa, upepo hulegea, na alfajiri huja umande, upepo mwepesi unaotoka barani kwenda baharini. Saa mbili asubuhi makuti ya minazi huanza kugeuka. Saa nne utaona vishungi vyeupe katikati ya ghuba, na kuanzia adhuhuri mpaka alasiri ndiyo kusi yenyewe. Mvuvi wa kipupwe anatakiwa awe ameshavua na kurudi wakati wengine wanakunywa chai ya pili.

Kabla ya kulala sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, kesho kaa nyumbani usuke madema ya kunasia samaki. Wakitangaza shwari, bado toka nje usiku usikilize mwamba. Ikiwa unanguruma ilhali hapa ulipo jani halitikisiki, ujue mawimbi ya mbali yameshafika, na mlango wa mwamba, ile njia ya kutokea bahari ya nje, si wa kusogelea kesho.

Jambo la pili ni saa za maji. Bamvua yetu, yaani maji makubwa, huja na mwandamo wa mwezi na mwezi mpevu, ikakolea siku moja au mbili baadaye. Siku hizo maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Kati ya kujaa na kukauka bahari hushuka zaidi ya mita 3, na sehemu kubwa ya ghuba hubaki mchanga na majani matupu. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Wiki ikipita, mambo yamepinduka: yanajaa saa nne na kukauka saa kumi, tena kwa ulegevu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Hayo ndiyo maji mafu.

Sasa ziweke saa za maji juu ya saa za upepo, uone. Siku za bamvua, ile asubuhi yote ya utulivu maji yanatoka. Siku za maji mafu, asubuhi hiyo hiyo ya utulivu maji yanaingia. Wavuvi wengi wanajua kusi na wanajua bamvua, ila hawavihesabu pamoja, na mimi naona hapo ndipo watu wanapopotezea vyombo.

Maana maji yakitoka, ghuba nzima inamwagikia kwenye mlango wa mwamba, na mawimbi ya kusi yanakuja kutoka nje. Yakikutana, wimbi linasimama wima, fupi, na kuvunjika papo hapo. Maji yakiingia, wimbi na mkondo vinakwenda njia moja na mlango unalainika. Kwa hiyo siku za kusogea karibu na mlango, ukabaki ndani ya mwamba, ni zile za maji mafu, kwa hesabu ya siku za mwezi mwandamo: mwezi nane hadi kumi na mwezi ishirini na tatu hadi ishirini na tano. Toka kabla ya jua, rudi maji yakikaribia kujaa, saa nne usiwepo.

Niliyajifunza hayo nikiwa na miaka 19. Tulikuwa na ami yangu, tumekwenda nje siku ya bamvua, mchana ukatuzidi, tukarudi mlangoni magharibi inaingia. Maji yalijaa saa kumi. Saa kumi na mbili na nusu yalikuwa yanatoka kama mto. Ami aliteremsha tanga, akaniambia nishike upo wa kutekea maji nisiuachie. Wimbi la kwanza lilijaza ngalawa nusu. La pili lilikata tengo la upande wa demani, mti wa kando unaoizuia ngalawa isipinduke. Tulishikilia gogo mpaka mashua iliyokuwa ikirudi Uroa ikatuona kabla giza halijafunga. Nyavu zote zilikwenda. Ami hakunilaumu hata neno, ila tangu siku ile hakuniruhusu kushika usukani mpaka nimwambie kwanza mwezi ni wa ngapi na maji yanajaa saa ngapi. Mpwa wangu naye namuuliza hivyo hivyo.

Siku za bamvua, basi, kaa ndani. Shusha chombo saa kumi alfajiri maji yakiwa mpomoni, uende upande wa Michamvi Kae. Ni mwendo wa joshini, kuelekea kusi itokako, lakini umande haukuzuii, na pondo, ule mti wa kusukumia chombo, inafika chini sehemu nyingi. Wakati wa kurudi upepo unakuwa nyuma ya bega lako na tanga dogo linatosha. Ukifanya kinyume, yaani uanze kwa kuteremka na upepo halafu saa tano ubishane na upepo kurudi kwenu, utajuta.

Kule tafuta ukingo wa mkondo, mahali majani yanapokoma na mchanga kushuka. Maji yakipungua juu ya majani, chaa, changu na wengine waliokuwa wametawanyika wakila hulazimika kuteremka kwenye kina. Wanapita pale pale kila bamvua, na chewa analijua hilo kabla yako. Nusu saa ya kwanza hutapata kitu. Kuanzia saa kumi na moja, kabla hakujapambazuka vizuri, wanaanza kugonga, na wanaendelea mpaka saa mbili. Sala ya alfajiri tunaisali Kae mchangani, chombo kimefungwa, halafu tunarudi kwenye ukingo.

Saa mbili na nusu uwe unaondoka. Ukichelewa utakwama juu ya mchanga mpaka maji yarudi, saa sita au saba, kusi ikiwa kamili. Ukishakwama, tulia. Usikokote ngalawa peke yako juu ya matumbawe. Tafuta kaa wadogo kwa chambo, subiri maji yafike kiunoni, kisha urudi polepole ukipita karibu na pwani.

Zana. Kwa changu natumia mshipi wa milimita 0.50, kwa chaa 0.35. Ndoana namba 12 kwa chaa, namba 10 kwa changu, na namba 7 ukimtaka chewa au kolekole. Namba ikishuka ndoana inakua. Chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, nalifunga mwishoni kabisa, na ndoana mbili juu yake, kila moja kwenye kijitawi cha shibiri moja, zikiachana dhiraa moja. Kipupwe maji ya ghuba huwa na vumbi la mchanga, na chambo kilicholala chini hakionekani. Kikielea juu kidogo, samaki anakifikia kwa harufu na kwa macho.

Uzito wa chubwi uamuliwe na mkondo. Teremsha, usikie limegusa chini, kisha angalia mshipi. Ukishuka wima au ukainama kidogo, sawa. Ukilala kama kamba ya kuanikia nguo, ongeza. Maji mafu gramu 40 zinanitosha. Bamvua kwenye mkondo nafika 150. Wanaoanza hutia zito tangu mwanzo ili wasisumbuke, na matokeo yake hawasikii chaa akinyonya.

Chambo ninachokiamini ni ngisi aliyekatwa vipande virefu kama kidole, na kamba waliomenywa. Ngisi mtie chumvi usiku uliotangulia ili ashike ndoana. Na kwa kuwa maji ni machafu na samaki ananusa zaidi kuliko anavyoona, badilisha chambo kila baada ya dakika kumi hivi hata kama hakijaliwa, maana kimeshaoshwa na kubaki nyuzi tupu. Hapa ndipo mpwa wangu anaponikasirikia. Anaona naharibu ngisi.

Mshipi uukalishe juu ya kidole cha shahada, na kidole hicho ukivike kipande cha tyubu ya baiskeli, kwani ngozi ikilowa kwa baridi hukatika haraka. Changu hugonga mara mbili. Mara ya kwanza muache, ya pili vuta kwa mkono mzima kisha usilegeze. Chaa hagongi, ananyonya, na utasikia uzito tu. Chambo kikirudi kimepunguzwa pembeni kwa vijino vidogo, hiyo ni kazi ya kikande. Ng'oa nanga usogee, hutamshinda. Chewa ukimshika, pima mbili za mwanzo ndizo zenye mapambano. Akiwahi tundu lake, mshipi ni wa kukata. Pono hutamwona kwenye ndoana mara nyingi kwa kuwa chakula chake ni majani. Huyo muachie mwenye dema.

Tasi mshike kwa kitambaa. Miiba yake ina sumu, na kipupwe vidole vikiwa vimekufa ganzi unachomwa bila kujua mpaka maumivu yamepanda mkononi. Ukichomwa, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, sumu yake inapoteza nguvu kwa joto. Na bunju ukimpata mrudishe baharini, asifike jikoni kwa mtu yeyote. Anaua.

Nanga itupe kwenye mchanga, isikwame kwenye tumbawe wala kwenye kamba za mwani. Wanawake wetu wanalima mwani ghubani, na kipupwe, maji yakiwa ya baridi, ndio wakati unapostawi. Kigingi kimoja ukiking'oa umeharibu kazi ya mtu ya wiki kadhaa. Mimi hupita mbali na mashamba yale hata kama najua tasi wamejaa mle. Kamba ya nanga iwe na urefu wa mara tano ya kina, kusi ikianza iwe na nafasi ya kuyumba, na mwisho wake ufunge boya ili siku ya hatari uiache yote majini uje uichukue kesho.

Utupa, ile sumu ya kuvulia, na bunduki za samaki ni marufuku, na wavu wa juya unaokwangua majani unaua vifaranga vya changu ambao ungewavua mwaka wa pili. Sina la kuongeza hapo isipokuwa kwamba nilipoanza, changu wa urefu wa mkono hawakuwa ajabu ghubani humu.

Watu wanaidharau baridi yetu. Bahari yenyewe hushuka tu kutoka nyuzi 29 za mwezi wa Machi hadi 25 hivi, na ukiwa ndani ya maji ni kama uji. Taabu ni upepo juu ya nguo iliyolowa. Mikono ikianza kutetemeka huwezi kufunga fundo, na asiyeweza kufunga fundo hafai kubaki kwenye chombo. Chukua sweta ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, koti la mvua, chupa ya chai ya tangawizi na muhogo wa kuchemsha. Sweta livae ukishamaliza kusukuma ngalawa, usilivae wakati wa kushusha. Na upo uwe umefungwa kwa kamba kwenye chombo, siyo umewekwa.

Samaki wako wafunike kwa gunia lililolowa maji ya bahari, maana upepo wa kipupwe unawakausha ngozi hata kukiwa na mawingu, na mnunuzi anaanza kuangalia jicho. Watunge kwa aina; mtungo wa changu watupu unauzwa vizuri kuliko mchanganyiko. Ufike dikoni kabla ya saa tano, wachuuzi wa mjini hawajaondoka.

Alhamisi iliyopita ilikuwa mwezi kumi. Mpwa wangu alinijibu maswali yote mawili bila kusita, nikampa usukani mpaka karibu na mlango. Tulirudi na changu kumi na wanane na chewa mmoja wa kilo tatu, akauza mwenyewe mnadani. Saa saba mchana akanifuata barazani, fedha bado iko mkononi, akitaka turudi tena jioni. Nilimpeleka mpaka ufukweni akaangalie ghuba ilivyokuwa nyeupe, tukasimama pale kimya kwa muda, kisha nikabeba makafi yote mawili nikaenda nayo nyumbani.